Je, wajua kwa nini mtoto anayekwama kitabuni huimaliza ngano?

Ingia darasa la pili lolote, Lindi au Mombasa, useme "Paukwa!" Kabla hujaweka chaki mezani, watoto wote wameshakujibu "Pakawa!", hata yule wa dawati la nyuma ambaye tangu Jumatatu hajafungua mdomo. Kisha waambie wafungue kitabu wasome aya ya mistari mitano kuhusu faida za maji. Utasikia minong'ono ya silabi, utaona vidole vikitambaa chini ya maneno, na yule wa dawati la nyuma amerudi kwenye ukimya wake.

Watoto ni wale wale na lugha ni ile ile. Ngano, ile hadithi ya "Paukwa", ina nini ambacho aya ya maji haina?

Wengi hujibu kwamba ngano inafurahisha. Ni kweli, ila hata mpira unafurahisha na haujamfundisha mtu kusoma. Jibu lenyewe limejificha kwenye vitenzi vyetu.

Kiswahili hakina hila katika maandishi. Ukishazijua ba, be, bi, bo, bu, ukazizoea na ng', dh, gh na mw, neno linavyoandikwa ndivyo linavyotamkwa. Ndiyo maana mtoto wa darasa la pili anaweza kukusomea gazeti kwa sauti, ukurasa mzima wa habari za bunge, asielewe hata sentensi moja. Herufi hazimshindi. Kinachomshinda ni urefu wa kitenzi. Tazama neno alipomwambia: a-li-po-mwa-mbi-a. Ni silabi sita, na humo ndani mna msemaji, wakati, "pale", mwambiwa na tendo lenyewe. Mtoto anayeunga silabi moja moja akifika mwisho ameshausahau mwanzo. Mpe sentensi yenye vitenzi vitatu vya aina hiyo, kichwa kitajaa silabi na maana itamponyoka.

Ngano inamshika mkono hapo hapo. Sisi tuna -ka-, kiambishi cha kusimulia: akaenda, akafika, akamkuta, akamwambia. Aya ya faida za maji haina kazi nacho; ngano bila hicho haiendi popote. Sungura akamwambia Fisi, Fisi akamwambia Sungura, na safari inaanza upya. Mara ya kwanza mtoto ataliunga neno kwa jasho. Mara ya tatu atalikata vipande viwili. Mara ya kumi analiona tu, kama anavyomwona dada yake mlangoni: haanzi na pua kisha akahamia masikio. Ukiongeza wimbo wa ngano, unaorudi kila shujaa anapokwama, umempa mtoto mistari minne ambayo ataisoma mara tano bila kulalamika. Mwambie arudie aya ya maji mara tano uone atakavyokutazama.

(Na hilo jibu la "Pakawa" lenyewe lina -ka- ndani yake. Watoto wanalitamka miaka kabla ya kuliona ubaoni.)

Jambo la pili ni kukisia. Msomaji mzoefu haungi herufi moja moja. Macho yanatangulia, kichwa kinabashiri, neno linathibitisha. Mtoto hawezi kubashiri asichokijua. Lakini Fisi anamjua. Akikuta "Fisi alikuwa na nj...", njaa imeshafika kabla ya jicho. Ndiyo maana ngano aliyowahi kuisikia nyumbani inafaa zaidi kwa mwanzo kuliko mpya kabisa.

Hapa kuna mtego, na mimi umeninasa zaidi ya mara moja. Mtoto anaweza kukukariria ngano nzima huku kidole kikitembea kwenye mistari kama anasoma kweli. Dawa yake ni ndogo. Ninapoinakili ngano kwenye bango kitita, zile karatasi kubwa za kutundika, kwa kalamu rashasha, nabadilisha neno moja: Simba anakuwa Chui mahali pamoja tu, katikati. Anayekariri atasema Simba na kuendelea zake. Anayesoma atasimama, atanyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, umekosea." Sijawahi kufurahia kusahihishwa kama hapo.

Jambo la tatu, kuelewa kisichoandikwa, ndilo kubwa, nalo linahitaji mfano mmoja. Mfano wangu ni kisa cha punda wa dobi.

Kisa hiki kilikuwa kikisimuliwa Unguja, na Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika kisiwani mwaka 1864, alikiandika pamoja na ngano nyingine akazichapisha London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kima na Papa ni marafiki. Mkuyu umeota ukingoni mwa maji, nusu ya matawi iko nchi kavu na nusu iko juu ya bahari. Kima anakula kuyu na kumtupia mwenzake. Siku moja Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari anamfunulia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Hapo nafunika bango. Nawauliza watoto wangu wa darasa la tatu: ungekuwa wewe ungefanyaje? "Ningeruka." "Ungekufa, hujui kuogelea." "Ningemuuma." Kelele zinapanda mpaka mwalimu wa chumba cha pili anachungulia dirishani. Halafu naufunua mstari unaofuata. Hakuna aliyehimizwa kusoma, lakini vichwa vyote vimeinuka, na midomo inakwenda mbio kumtangulia msomaji. Kima anasema: ungeniambia tulipokuwa kule, maana sisi tukitoka kutembea mioyo yetu huiacha mtini. Papa anageuka, anamrudisha. Kima anapanda, ananyamaza. Papa anaita. Mwishowe Kima anamwuliza: unanifanya mimi punda wa dobi?

Kisa kingine kinaanzia hapo, ndani ya kisa. Punda wa dobi (darasani kwangu ilibidi nieleze kwamba dobi ni mtu anayefua nguo za watu kwa ujira, siku hizi wanajua mashine) alimtoroka bwana wake akakaa porini mpaka akanona. Sungura akamwona, akaenda kumwambia Simba, aliyekuwa mgonjwa. Sungura akamlaghai Punda kwamba Simba anamposa. Punda akaja, Simba akamrukia, Punda akapigana akaponyoka. Siku zikapita, Sungura akamwendea tena kwa maneno matamu, na Punda akarudi. Safari hii hakutoka. Simba akamwambia Sungura: kaoke nyama, mimi nataka moyo na masikio tu. Sungura akavila yeye. Alipoulizwa viko wapi, akajibu kwamba mnyama yule hakuwa na moyo wala masikio. Simba akashangaa: mnyama gani hana moyo wala masikio? Sungura akamjibu kuwa angekuwa navyo, asingerudi mara ya pili.

Nani alikula moyo? Imeandikwa. Kwa nini Sungura alisema Punda hakuwa na masikio? Haikuandikwa popote. Mtoto lazima aunganishe mambo yaliyo mbali: Punda alishashambuliwa, alijua, akarudi. Tena lazima agundue kwamba "moyo" na "masikio" hapa vimebeba maana mbili, kiungo cha nyama na akili ya kusikia la kuambiwa. Kisha apande ngazi moja zaidi: kwa nini Kima anamsimulia Papa haya yote? Msichana mmoja alinyamaza muda mrefu, akasema, "Kima ana masikio." Mwenzake akadakia, "Sikio la kufa halisikii dawa." Kusoma kwa ufahamu ndiko huko, na jibu limetoka kwa watoto wa miaka tisa bila mimi kulitaja.

Ndiyo maana nina ugomvi na lile swali tunaloliandika ubaoni kila tunapomaliza: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Watoto wameshalijua jibu kabla hawajasoma: tusiwe walafi, tuwatii wazazi, urafiki mwema. Majibu hayo yanafaa kwa ngano yoyote, kwa hiyo hayathibitishi kwamba mtu amesoma chochote. Uliza badala yake, "Papa alikosea wapi?" Hilo huwezi kulijibu kwa methali ya akiba; inabidi urudi kwenye maandishi na kidole chako.

Kosa letu jingine ni la mpangilio. Tathmini ya Uwezo, iliyoanzishwa Kenya, Tanzania na Uganda, humpima mtoto kusoma kwa ngazi: silabi, maneno, aya, na hadithi ndiyo kilele. Kwa kupima, ngazi hiyo inafaa. Tatizo ni pale sisi walimu tunapofundisha kwa utaratibu huo huo, hadithi ikawa zawadi ya wanaojua kusoma tayari. Nyumbani mtoto huanza na hadithi. Mimi siku ya kwanza nasimulia tu, bila karatasi, nikikatiza patamu. Siku ya pili inakuja ile ile kwenye bango. Siku ya tatu tunaisoma kwa zamu, mmoja Kima, mmoja Papa, kundi moja msimulizi, na hapo anayesoma kwa kusitasita huharakishwa na wenzake kwa sababu Papa hawezi kukaa katikati ya bahari milele.

Je, mtoto wa Singida, ambaye hajaona bahari, afanye nini na papa? Mbadilishie. Kisa hiki hakijawahi kukaa na mnyama mmoja: katika mkusanyo wa kale wa India, Panchatantra, rafiki wa majini ni mamba; katika Kalila wa Dimna, kitabu kilichotokana na huo na kutiwa kwa Kiarabu karne ya 8, ni kasa; kilipotua kwa Waswahili akawa papa. Mwalimu wa Mwanza akiweka mamba wa ziwani atakuwa amekirejesha India bila kujua.

Visasili, yaani ngano za asili ya ulimwengu, vinataka mkono mwepesi zaidi. Wazulu, kwa mfano, husimulia kwamba Muumba alimtuma Kinyonga kuwaambia watu hawatakufa, Kinyonga akachelewa njiani akila matunda, Mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Usiwaambie watoto kwamba ni uongo, wala usiwaambie kwamba ndivyo ilivyokuwa. Waulize msimulizi alikuwa anajaribu kulieleza jambo gani. Darasani hukaa watoto wa imani mbalimbali, na swali hilo halimsukumi mtu kona.

Kwa aliyeishiwa ngano, Abunuwasi na sufuria yake iliyozaa kisha ikafa inatosha kwa ubishi wa kipindi kizima. Wapo pia watu wa African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ambao huweka mtandaoni hadithi za bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Hata hivyo ghala langu kubwa ni bibi zao. Ijumaa nawatuma wakaulize, Jumatatu wanarudi na ngano, na tunaziandika kwenye daftari moja linaloning'inia ukutani kwa uzi.

Tulipomaliza punda wa dobi, yule wa dawati la nyuma, mwaka huu yuko kwangu, aliuliza Papa alirudi kwa sultani akasema nini. Kisa hakisemi. Nikamwambia aandike yeye. Mwanzo wa muhula alikuwa akiandika akamwabia, m ikipotea kila mara, na wekundu wa kalamu yangu haukumsaidia. Alileta mistari saba. Sultani anauliza moyo uko wapi. Papa anajibu kwamba kima ameusahau nyumbani, ameahidi kuuleta kesho. Sultani anamwambia basi kamngojee. Akamwambia imo mara nne, na zote nne zina m yake.