Diaspora sio Marekani peke yake, jamani

Juzi tena, mtu mzima na akili zake kaniuliza nafundisha nini chuo, nikamwambia historia ya Afrika na diaspora yake, yaani watu wa asili ya Afrika waliotawanyika nje ya bara, akajibu "aah, kina Martin Luther King na Bob Marley." Nimechoka. Sina ugomvi na hao wawili, ila mashariki kuna diaspora nzima ambayo watu wanairuka kama dimbwi.

Haraka haraka basi: Wahabeshi (watu wa Ethiopia na jirani zake) na watu wa pwani yetu wamevuka Bahari ya Hindi kwa zaidi ya miaka elfu, wengi kwa kuuzwa, wengine kwa ubaharia na biashara. Gujarat na Karnataka, India, wapo Wasiddi mpaka leo, Karachi, Pakistan, wapo Washeedi, wote wa asili ya Afrika. Oman sielezi, kila mtu ana shangazi Muscat.

Mwanafunzi akishakubali hilo ndo balaa linaanza, maana anakutana na Malik Ambar. Mhabeshi, kazaliwa mnamo 1548, kauzwa akiwa mdogo, kapita mikononi mwa mabwana kadhaa mpaka Deccan, India, na kuanzia kama 1600 yeye ndo anaendesha dola la Ahmadnagar huku sultani kakaa tu kwenye kiti. Akawasumbua Wamughal, watawala wa dola kubwa la kaskazini mwa India, mpaka anakufa 1626. Mfalme wao Jahangir alimchukia kiasi kwamba mchoraji wake Abu'l Hasan alimchora mfalme kasimama juu ya tufe la dunia, anakipiga mishale kichwa cha Ambar kilichochomekwa kwenye mkuki. Kichwa chenyewe hakukipata hata siku moja, alikipata kwenye karatasi.

Basi hapo darasa zima: "unaona mwalimu, utumwa wa huku ulikuwa mwepesi." Hapana! Mbona hamuulizi kwa nini watawala walipenda askari wa kununuliwa? Kwa sababu hana ukoo pale, hana wajomba wa kumtetea, hana pa kukimbilia ila kwa bwana wake, na hiyo kumkata mtu na kwao ndo ukatili wenyewe hata kama baadaye anavaa hariri. Na kwa kila Ambar mmoja walikuwepo wazamia lulu wa Ghuba, mahamali, masuria, ambao majina yao hakuna aliyeyaandika.

Wanaogeuza wakasema utumwa wa Waarabu ulizidi wa Wazungu nao wananichosha vilevile, maana wanakuja na takwimu. Za wapi? Atlantiki tuna rekodi za safari za meli zaidi ya 36,000, ndo maana tunathubutu kusema walipakiwa watu kama milioni 12.5. Huku jahazi linabeba watu kadhaa pamoja na pembe na boriti, nani aandike? Idadi za WhatsApp ni makadirio juu ya makadirio. Na ninazotoa mimi darasani pia, basi tu silabasi inataka namba.

Halafu wapo waliorudi. Baada ya mkataba wa 1873 kufunga soko la watumwa Unguja, wamisionari wakaanzisha Frere Town, Mombasa, na kati ya wakazi wa mwanzo kulikuwa na Waafrika waliookolewa baharini kwenye majahazi ya watumwa, wakalelewa na kusomeshwa Nashik, India, kisha wakarudi huku na ufundi na Kiingereza chao. Watu wanashuka kituo cha Kengeleni kila siku, hapo hapo Frere Town. Mada ya tasnifu imekaa tu inasubiri mtu, na mwaka huu nimeletewa Marcus Garvey, yule mwanaharakati wa Jamaika, Garvey, na Garvey.