Pata ya shilingi 58,000: ni pata au ni potea?

Makedi wa Nairobi, wale wanaowabebea wachezaji wa gofu fimbo zao, walishamaliza zamani suala la majina ya fimbo. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ni draiva, na ile fimbo ya mwisho, ya kuusukumia mpira shimoni, ni pata. Basi mchezaji akikosa mpira wa futi mbili mbele za watu, hakosekani kedi wa kunong'ona pembeni: "Hiyo ni pata potea." Huwa nacheka nao. Nikirudi kwenye meza yangu ya kazi kicheko kinapungua, maana pata potea, ule mchezo wa karata tatu wa stendi, na biashara ya pata ghali vinafanana kwa jambo moja: jicho lako linavutwa kwenye karata ambayo siyo.

Mimi ni fundi wa fimbo za gofu. Nakata, narefusha, nabadilisha mipini, napinda shingo, nagundisha vichwa vilivyong'oka. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: fundi, hizi pata za bei kali zina maana yoyote? Kwa watu wengi, hapana. Chuma chake ni kizuri kweli, sikatai, ila sehemu kubwa ya hela haiendi kwenye kitu kinachoupeleka mpira shimoni.

Tuanze na bei. Pata mpya ya Scotty Cameron, jina la kifahari kwenye pata, huko Marekani ni kati ya dola 400 na 500. Chukua 450, hiyo ni kama shilingi 58,000 za Kenya kabla hujalipia usafiri na ushuru. Odyssey au Ping nzuri, mpya, utaipata kwa karibu nusu ya hapo. Ukikubali iliyotumika, yenye mikwaruzo chini na mpini uliochoka, unaweza kushuka mpaka robo.

Sasa itazame ile Scotty Cameron ya Newport kwa makini: kichwa chembamba, kimekatwa kwa hatua nyuma, shingo imepinda ili bomba, yaani mti wa fimbo, litangulie uso. Umbo hilo si lao. Alilibuni Karsten Solheim, Mnorwe aliyekulia Marekani, aliyewahi kushona viatu kabla hajawa mhandisi wa General Electric. Alianza gofu akiwa na miaka zaidi ya 40, akaona pata za wakati ule zinamgeuka mkononi. Akatengeneza ya kwanza gerejini kwake California mwaka 1959, ikigonga mpira inalia "ping", na jina likabaki hilo. Mwaka 1966 akalichora umbo hilo, pata ya Anser, kwenye jalada la sahani ya santuri. Mke wake Louise ndiye aliyesema iitwe "Answer", yaani jibu, na herufi ya w wakaitupa ili jina litoshe kwenye chuma.

Alichokifanya Solheim, mtu anayebeba maji kwa mzega atakielewa haraka. Ndoo mbili zikining'inia kwenye ncha za mti, jaribu kumgeuza mtu huyo ghafla: hageuki kirahisi. Solheim aliutoa uzito katikati ya kichwa, akauweka kwenye ncha zake mbili: kisiginoni, upande wa mchezaji, na kwenye pua, upande wa mbali. Ukigonga mpira pembeni kidogo, kichwa hakizunguki sana, na mpira haupotezi mwendo mwingi. Hilo lilikuwa wazo lenye thamani. Leo kila kiwanda kinalo, ghali na rahisi, kwa kuwa haki za ubunifu ule ziliisha kitambo.

Hela zaidi zinanunua nini, basi? Kwanza, uchongaji. Pata nyingi za bei ya chini humiminwa kwenye kalibu kama sufuria, kisha zinasuguliwa. Ya ghali huchongwa na mashine kutoka kwenye kipande kizima cha chuma, na mistari ile unayoiona usoni ni nyayo za kisu. Kazi safi. Mimi fundi naipenda kwa sababu nyingine pia: chuma cha kuchongwa kwa kawaida ni laini, kwa hiyo nikiibana kwenye jiliwa naweza kuipinda shingo digrii moja au mbili bila hofu. Vichwa vya kumimina vya bei ya chini kabisa hupasuka. Nimepasua viwili, na vyote nilivilipa.

Lakini hebu tupige hesabu. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, popote duniani. Ukiwa mita 3 kutoka shimoni na uso wa pata ukageuka digrii 1 tu wakati wa kugonga, mpira utapita karibu sentimita 5 pembeni mwa katikati ya shimo. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 5.4. Yaani digrii moja ndiyo akiba yako yote. Kwenye kichwa cha sentimita 11, digrii moja ni ncha moja kuitangulia nyenzake kwa milimita 2. Kisu cha mashine kinasahihisha chuma kwa vipimo vidogo mno ambavyo macho hayaoni, kisha fimbo inakabidhiwa mikono inayokosea kwa milimita 2, asubuhi, baada ya chai na mabishano ya siasa. Usahihi ule wote unaishia kwenye kucha zako.

Na hata wakubwa wanakosa. Wachezaji wa PGA Tour, mashindano makuu ya kulipwa ya Marekani, wanaokula kwa mchezo huu, kwa futi 8 hutumbukiza takriban nusu tu. Nawaambia wateja wangu hili kila mara, hasa wale wanaokuja wamekunja uso wakitaka kubadilisha pata kwa sababu Jumamosi walikosa za futi 8.

Kitu cha pili unachonunua ni sauti. Watu husema "hisia", lakini hisia nyingi ya pata inaingilia masikioni. Mistari iliyochongwa kwa kina hupunguza eneo la chuma linalogusa mpira, mlio unakuwa mzito na mpole, nawe unaapa kwamba chuma ni laini. Sidharau hilo, mtu anayeipenda sauti ya fimbo yake huipiga kwa utulivu. Kinachonichekesha ni pale mheshimiwa anapotoa elfu hamsini na nane kutafuta mguso laini, halafu anacheza na mipira ya kuokota, ile ambayo vijana wanaizamia kwenye bwawa na kuiuza langoni. Shimo la kwanza mpira mgumu kama jiwe, shimo la tano mwingine laini. Tofauti ya mpira na mpira inaizidi mbali tofauti ya chuma na chuma. Chagua aina moja ya mpira ushikamane nayo, utakuwa umenunua nusu ya ile hisia.

Cha tatu ni jina, na jina lina bei yake ya kurudi. Pata ya kifahari iliyotunzwa haiporomoki thamani kama draiva, ambayo kila mwaka inatolewa mpya na ya zamani inakuwa mzigo. Fimbo ya akiba ya Tiger Woods, ndugu wa ile Newport 2 aliyoshindia mataji 14 kati ya 15 makubwa, iliuzwa mnadani mwaka 2021 kwa dola 393,300. Na hiyo ni ya akiba. Kwa hiyo mtu akiniambia ananunua kwa kupenda, na akichoka atauza, sina ugomvi naye. Hiyo ni hesabu, tofauti na kutarajia kupunguza mikwaju.

Ila jina ndilo linaloleta matapeli. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa feki na muuzaji wa mtandaoni, kwa shilingi 18,000, na sina mwingine wa kumlaumu kwa sababu ufundi ni wangu. Ilikuja na kifuniko cha kitambaa kizuri. Siku ya tatu rangi nyekundu ya vidoti chini ya kichwa ikaanza kubanduka kama rangi ya kucha. Nikaipima kwenye mizani ya jikoni, kichwa kilikuwa chepesi kuliko inavyopaswa. Nikaibana, nikaishikia msumeno: chini ya ngozi inayong'aa, chuma cha ndani kilikuwa cha kijivu, chenye vitundu vidogovidogo kama mkate wa mchele. Nusu moja ya kichwa hicho iko mezani kwangu mpaka leo. Mteja akija na furaha ya kupata Scotty mpya kwa elfu kumi na nane, namwekea mkononi kwanza.

Upande wa pili kuna mchezaji wa Marekani, Jim Furyk. Septemba 2010, Atlanta, kwenye uwanja wa East Lake, alishinda mashindano ya Tour Championship na taji la msimu mzima, FedEx Cup, siku moja: dola milioni 1.35 na juu yake milioni 10. Pata aliyokuwa nayo aliinunua dukani, kwenye lundo la fimbo zilizotumika, kwa dola 39. Watu hunitolea hadithi hiyo kama ushahidi kwamba pata ya bei chee inatosha. Mimi naisoma tofauti kidogo. Furyk alikuwa akiingia madukani anashika fimbo moja baada ya nyingine mpaka moja ikakaa vizuri mkononi na machoni. Alilipa dola 39, na alilipa pia saa nyingi za kujaribu. Wengi wetu tunalipa upande mmoja tu.

Niseme neno kuhusu hizi mpya zinazovuma, zile ambazo bomba na uzito vimepangwa ili kichwa kisijigeuze chenyewe mkononi. Kampuni ya L.A.B. Golf ndiyo iliyozipa umaarufu. Mchezaji Lucas Glover, ambaye mikono ilikuwa ikimtetemeka vibaya kwenye mipira mifupi, alizitumia mwaka 2023 akashinda wiki mbili mfululizo. J.J. Spaun akashinda nazo U.S. Open ya 2025 pale Oakmont, akimalizia kwa mpira wa zaidi ya futi 60. Hizi nazo ni ghali, lakini hapa angalau unalipia wazo, si mng'aro. Kama mkono wako unaruka kila ukifika futi tatu, omba ya rafiki ujaribu wiki mbili. Kama hauruki, huna ugonjwa ambao dawa hii inautibu.

Mambo yanayobadilisha kadi ya mchezaji wa handikapu 20, yule anayezidisha kama mikwaju 20 juu ya kipimo cha uwanja, ni ya kawaida mno, na ndiyo kazi ya meza yangu. Urefu ni la kwanza.

Miezi michache iliyopita alikuja mzee mmoja mstaafu na pata mpya aliyoletewa na mwanawe kutoka ng'ambo, ya ile bei ya kutoa macho. "Fundi," akasema, "hii kitu inanidharau." Nikamwomba asimame kama anavyocheza. Fimbo ilikuwa inchi 35. Yeye ameinama mgongo kwa umri, mikono iko chini, kwa hiyo pua ya kichwa ilikuwa imeinuka juu kama mtumbwi uliokwama, na kisigino tu ndicho kinachogusa zulia. Macho yake yalikuwa ndani mno ya mstari wa mpira. Nilimwekea sarafu chini, nikadondosha mpira kutoka usawa wa jicho lake: ukaanguka kiganja kizima kutoka kwenye sarafu.

Nikamwambia tukate inchi mbili. Akanyamaza. Kukata kitu cha elfu hamsini na nane kunauma, nami naelewa, nikamtengenezea chai.

Mpini mpya wa kiwandani huwa unaweza kuokolewa: unapenyeza sindano ya dawa ya kulainisha gundi chini ya mpini wenyewe, unausugua mpaka unalegea, unauvuta taratibu. Kisha kikata bomba, mizunguko kama ishirini, kipande kikadondoka. Tatizo la kukata ni kwamba kichwa kinajisikia chepesi, maana umefupisha mkono wa mizani. Ndiyo sababu viwanda makini hutumia vichwa vizito zaidi kwa fimbo fupi. Kwa inchi mbili nilihitaji kurudisha kama gramu 24, nikabandika utepe wa risasi chini ya kichwa, nusu kisiginoni na nusu kwenye pua, mzega uleule wa Solheim. Utepe huo si mzuri kwa macho. Mzee aliuangalia kama mtu anayeona kiraka kwenye suti.

Tukatoka kwenye grini ya mazoezi, ile nyasi fupi yenye mashimo. Nikachomeka tii mbili, vile vijiti vya kuwekea mpira, mbele ya mpira, zimeachana kidogo tu kuliko upana wa mpira, nikamwambia apitishe katikati. Kwa fimbo ya inchi 35, kabla sijakata, alikuwa akigonga tii ya kushoto karibu kila mara. Sasa mipira ikaanza kupita. Siyo yote. Kedi mmoja aliyekuwa amekaa kivulini, mwenye pata yake kuukuu iliyozungushiwa tyubu ya baiskeli badala ya mpini, akasimama kuja kutazama.

Mzee akatumbukiza mitatu mfululizo, akageuka. "Sasa niambie ukweli, fundi. Kama kijana wangu angeniletea ya elfu saba, ungeikata vilevile?"

"Ningeikata, mzee."

"Na ungenitoza ngapi?"

"Hiyohiyo."

Akacheka mpaka akakohoa. Kile kipande cha bomba alikichukua, akasema anakwenda kumwonyesha mwanawe sehemu ya zawadi iliyokuwa imezidi.