Haragwe Halina Ndugu Porini Kwetu, Kunde Inao

Mama mmoja wa Handeni alitufikia, sisi tunaotambua na kuhifadhi mimea, na mche aliouviringisha kwenye khanga. Maganda yake yalikuwa membamba, meusi, na mengine yalishapasuka njiani. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza: "Mwanangu, haya maharage pori yanaliwa?"

Ilibidi tuanze na jina. Hayakuwa maharage, na wala yasingeweza kuwa, kwa sababu haragwe halina ndugu wa asili porini popote Afrika. Haragwe tunalokula na wali, Phaseolus vulgaris, ni mzaliwa wa Amerika. Wakulima wa huko walianza kulilima katika sehemu mbili zilizo mbalimbali, upande wa Meksiko na kwenye milima ya Andes, na Wareno ni miongoni mwa waliolivusha bahari hadi Afrika. Ndugu zake wa porini walibaki kwao. Kunde, Vigna unguiculata, ni mwenyeji hapa. Wazazi wake bado wanajiotea kando ya barabara, kwenye nyasi za mbuga na kwenye mashamba yaliyolala. Kwa hiyo ukikuta porini mche unaotambaa, wenye jani la vijani vitatu na ua linalofanana na la haragwe, anza kuwaza ukoo wa kunde.

Usione haya kuchanganya. Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa kuipa mimea majina ya kisayansi, mwaka 1753 aliiweka choroko kwenye kundi la haragwe. Ni mwaka 1954 ndipo R. Wilczek, akishughulika na mimea ya Kongo, alipoihamishia kwenye jenasi (yaani kundi la ndugu wa karibu) ya kunde, Vigna, na huko ndiko iliko hadi leo.

Tuanze na jani, maana halingoji msimu wa maua. Chuma jani bichi la haragwe ulibandike kwenye shati la pamba: linanata. Lina vinyweleo vidogo mno, ncha zake zimepinda kama ndoana. Watu wa nchi za Balkani zamani walitandaza majani hayo sakafuni usiku, kunguni wakanaswa miguu, asubuhi yakafagiwa na kuchomwa moto. Jani la kunde halina ndoana hizo, nalo huteleza.

Kisha tazama pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Kuna vijani viwili vidogo, kimoja kila upande. Vya kunde vimeshikizwa katikati: sehemu moja inaelekea juu, nyingine inashuka chini ya kiungo kama mkia mfupi. Vya haragwe havina mkia huo. Mimi nikiwa shambani bila kioo cha kukuzia, alama hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Ua la kunde litazame asubuhi, kwani hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limeshajifunga. Chini ya petali kubwa pana kuna sehemu iliyokunjamana inayoitwa mkuku, kama mkuku wa jahazi. Mkuku wa haragwe umejiviringisha kama kombe la konokono, wakati wa kunde umepinda tu. Wa fiwi, ambazo Arusha huitwa ngwara na Kenya njahi, umekunjwa kama kiwiko. Fiwi pia utazijua kwa ganda bapa lililopinda kama mundu, na kwa ukanda mweupe mrefu ubavuni mwa mbegu. Choroko ina ua la njano na ganda jembamba lenye vinyweleo.

Sasa turudi kwenye khanga ya Mama. Ilikuwa kunde mwitu. Pitisha kidole juu ya ganda lake utahisi mikwaruzo kama ya msasa laini. Likikauka hupasuka, vipande viwili vikajisokota kama kamba na kurusha mbegu mbali. Mbegu zenyewe ni ndogo, zina madoadoa ya rangi ya udongo, na ngozi yake ngumu huziwezesha kukaa ardhini muda mrefu kabla ya kuota. Kunde ya shambani ina ganda refu, laini, linalomngoja mvunaji. Subira hiyo ni kazi ya wakulima wa Afrika, vizazi kwa vizazi, waliochagua mbegu ya mche usiopasua maganda yake.

Hizi mbili huzaliana. Kunde hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, lakini wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao hubeba chavua kutoka pori hadi shamba. Ndiyo maana pembezoni mwa shamba huonekana machotara, maganda yao ya wastani, mengine yakipasuka. Anayejiwekea mbegu achague katikati ya shamba, aiache mistari ya pembeni.

Kuhusu kula, sikumficha Mama. Mbegu ya porini usiyoitambua usiionje. Fiwi, hasa za rangi nyeusi, zina kemikali inayotoa sumu ya sianidi: loweka, chemsha, mwaga maji, chemsha tena. Haragwe nalo likiwa halijaiva linaumiza tumbo, hivyo lazima lichemke sawasawa. Na ile mbegu nyekundu yenye doa jeusi, mturituri, ambayo watoto huitunga shanga, ikitafunwa inaweza kuua. Jani lake lina vijani vidogo vingi pande mbili, kama la mkwaju, wala si vitatu.

Hata hivyo tafadhali usiing'oe mimea mwitu yote ukidhani ni magugu matupu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huchimba mizizi ya Vigna frutescens, ndugu wa kunde, wakaila. Kunde mwitu nayo imezoea ukame na wadudu wa hapa bila kuhudumiwa na mtu, na watafiti wa mbegu huitafuta kwa sababu hiyo. IITA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi za joto kule Ibadan, Nigeria, kimehifadhi sampuli za kunde zaidi ya 15,000, za shambani na za porini.

Ukituletea mche, uje na jani, ua na ganda pamoja, umeubana katikati ya magazeti makavu. Mche wa Mama tayari umekauka. Kwenye lebo tumeandika Handeni, udongo wa kichanga, ukingo wa shamba la mahindi, na jina alilolitaja yeye mwenyewe kwa Kizigua.