Wadudu hawajazoea dawa

Juzi nilikuwa Ilula, kwa wasiopajua ni pale barabarani kabla hujafika Iringa mjini ukitokea Moro, penye matenga ya nyanya kushoto na kulia. Kuna mama tunafahamiana miaka mingi aliniita shambani kwake, hata salamu hatujamaliza akanivuta mpaka mistari ya mwisho kule bondeni. Majani yamekauka kama yamepitiwa na moto, ukiinua jani juani unaona kile kinjia cheupe ndani yake na kiwavi kamejilaza humo. Kantangaze, kiwavi wa nondo anayekula nyanya. Mama akaniambia, "mwanangu, nimepiga dawa mara nne na ya mwisho nimezidisha, dukani waliniambia nizidishe. Hawa wadudu wameizoea."

Kazi yangu mimi ni wadudu waharibifu, na hiyo kauli naisikia kila mahali, Ilula, Uyole, Mbarali, naisikia mpaka kwa maafisa ugani wenzangu, na nimeamua leo niandike kwa sababu hilo neno "kuzoea" linatupotosha kuliko tunavyodhani.

Kuzoea ni jambo la mtu mmoja. Mtu wa Kyela akihamia Makete mwezi wa sita anatetemeka na makoti mawili, mwaka wa pili unamkuta na sweta tu anachapa kazi, yaani mwili ni uleule ila umejirekebisha, na mtoto wake akizaliwa hazaliwi na mazoea ya baba. Sasa kiwavi wa kantangaze hapitii hayo. Dawa imemfikia, amekufa au amepona. Aliyekufa hakujifunza kitu, na aliyepona naye hakujifunza kitu, alizaliwa hivyo hivyo alivyo.

Chukua zile dawa za jamii ya pairethroidi ambazo ndo zimejaa madukani. Kwenye neva za mdudu kuna vijimlango vidogo sana vinavyopitisha sodiamu, vinafunguka vinafunga, ndo mwili unavyowasiliana. Dawa inajishikiza pale na kuzuia mlango usifunge, neva zinapiga kelele bila kunyamaza, mdudu anatetemeka anakufa. Lakini vinasaba vinaponakiliwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto huwa kunatokea makosa madogo madogo, na kosa mojawapo linabadilisha kidogo umbo la ule mlango, dawa ikija haishiki vizuri. Hilo kosa halikuja kwa sababu dawa imepigwa. Lilikuwepo tayari kwa wachache kabla hata bomba halijajazwa maji, na hapa ndo naomba msomaji utulie kidogo maana wengi wanafikiri shida ya mdudu ndo inayomletea mabadiliko anayoyahitaji, na sivyo kabisa.

Tuseme shambani una viwavi 10,000 na kumi tu wana mlango wa namna hiyo. Unapiga, wanabaki wale kumi. Unaona majani mapya unafurahi, lakini wale kumi sasa wana shamba zima peke yao, wakiwa nondo wanapandana wao kwa wao, na jike mmoja anaweza kutaga mpaka mayai 260 hivi na kwenye joto kizazi kizima kinaisha ndani ya mwezi. Hakuna mdudu hata mmoja aliyebadilika pale. Kilichobadilika ni hesabu, nani wengi nani wachache. Hayo ndo mageuko ya viumbe yenyewe, na hayakusubiri mamilioni ya miaka. Na kantangaze alivyoingia Tanzania, mwaka 2014, ametokea Amerika Kusini ambako alishapigwa madawa miaka mingi, kwa hiyo tulipokea wazao wa waliopona.

Nikamweleza mama hivyo hivyo. Akanyamaza, halafu akauliza, "sasa si ni kama mbegu ya mahindi?" Kwa sababu yeye kila mavuno anachagua magunzi makubwa anayaning'iniza juu ya moshi jikoni. Nilifurahi sana, maana hata Darwin kitabu chake cha 1859 alianza na hapo hapo, kwa wafugaji wanavyochagua njiwa na mifugo, ndo akaenda kwenye uchaguzi wa asili. Nikamwambia ndiyo mama, ila hapa anayechagua mbegu ni bomba.

Neno lingine linalotupotosha ni "kugeuka". Kwetu kugeuka ni habari za hadithi, mtu jioni anageuka simba. Ndo maana kijana mmoja Tukuyu aliwahi kuniuliza kuhusu kipunji, "huyu atageuka mtu lini?" Kipunji ni nyani wetu wa mlima Rungwe, watu wa pale walikuwa na jina lake ila wanasayansi walimjua 2003 tu, wakamtangaza 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la ukoo, baada ya vinasaba kuonyesha yuko karibu na nyani wa kawaida kuliko walivyodhani. Jenasi mpya ya nyani Afrika baada ya miaka 83! Na jibu ni kwamba hatageuka mtu, hayuko njiani kuja kwetu. Sisi na yeye tuna mababu wa pamoja wa zamani mno, matawi yakaachana, yeye ameendelea na lake hadi akawa kipunji kamili anayeishi kwenye msitu wa baridi, na hana upungufu wowote wa kumaliziwa.

Hili la kudhani mageuko ni kupanda ngazi ndo linanirudisha kwenye dawa. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi waliacha klorokwini mwaka 1993 kwa sababu malaria ilikuwa haisikii tena. Zaidi ya miaka kumi baadaye ikajaribiwa upya, ikaponya karibu wagonjwa wote. Watu wanasema vijidudu vilisahau. Hapana, ni kosa lile lile la kuzoea limegeuzwa tu. Vile sugu vilikuwa na gharama, yaani huo usugu unavidhoofisha kidogo, bila dawa vilizidiwa na vile laini vinavyokufa kwa dawa, vichache vilivyokuwa vimebaki, na hesabu ikageuka upande wa pili.

Mama akadaka hapo hapo: "kwa hiyo nikiipumzisha hii dawa na hawa watalainika?" Swali zuri kweli. Inawezekana, lakini sio kwa shamba moja, nondo wanaruka kutoka kwa jirani na usugu mwingine hauna gharama kubwa kwa mdudu, unaweza kukaa tu. Nikamwomba alete chupa zote alizotumia msimu huu. Zikaja tano, majina matano tofauti, rangi tofauti, bei tofauti. Nikamwonyesha kale kanamba ka kundi kwenye lebo, kanakosema dawa inamuua mdudu kwa njia gani: nne zote ni 3A, yaani pairethroidi tupu, moja tu ilikuwa 6, kundi lingine. Alikuwa anabadilisha jina, mdudu anakutana na kitu kile kile.

Jumamosi narudi, ameshaita majirani saba na kila mmoja anakuja na chupa zake. Tutazipanga kwa namba, tukubaliane wote bonde zima tunapiga kundi gani kizazi hiki na lipi kizazi kijacho, na mitego ya kunasa madume nimeahidi kuja nayo.