Imezimwa au Imezimika? Dhana Potofu Kuhusu Kompyuta Inayojiwasha Upya Baada ya Kupandishwa Toleo

Taa iliyozimwa si sawa na taa iliyozimika. Ya kwanza kuna mkono uliogusa swichi. Ya pili imejifia, au umeme umekatika. Anayelalamika kwamba kompyuta yake inajizima na kujiwasha tangu alipopandisha toleo la mfumo endeshi mara nyingi hajajiuliza swali hilo, na huenda fundi wake naye hakumuuliza. Wote wawili wanakimbilia tiba: piga Windows upya, badili ramu, safisha virusi. Nimeona watu wakipoteza picha na kazi za miaka kwa tiba isiyohusiana kabisa na ugonjwa. Hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi jibu lilikuwa limeshaandikwa ndani ya mashine yenyewe.

Mifano mingi hapa ni ya Windows, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na watu wengi wamehamia Windows 11. Linux na Mac nitazigusa panapohusika.

Dhana: "Ilikuwa nzima kabla ya toleo jipya, kwa hiyo toleo jipya ndilo bovu."

Wakati mwingine ni kweli. Lakini kupandisha toleo hakubadilishi kitu kimoja tu. Kiini cha mfumo (kernel) hubadilishwa, baadhi ya madraiva, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuongea na vifaa, hubadilishwa, mengine ya zamani hubebwa yalivyo, na programu zako zote huhamia humo pamoja na mazoea yao. Mara nyingi tatizo hukaa kwenye maungio hayo: draiva iliyoandikiwa toleo la jana inaitwa na kiini cha leo.

Ni vizuri kuelewa kwa nini draiva moja inaweza kuangusha mashine nzima. Programu ya kawaida ikikosea, hufungwa peke yake na wewe unaendelea na kazi. Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini, mahali ambapo kosa haliwezi kutengwa. Mfumo unaona usalama wa data uko hatarini na unasimamisha kila kitu. Tarehe 19 Julai 2024 dunia ililiona hili waziwazi. Faili moja mbovu ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta takribani milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na nyingi zikabaki zikijiwasha na kuanguka tena na tena. Aliyetazama skrini aliona Windows ikianguka, lakini chanzo kilikuwa mgeni aliyeruhusiwa kukaa kwenye kiini.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Kupandisha toleo ni kazi nzito, na kazi haiishi pale kompyuta inapowaka. Kwa saa kadhaa, pengine siku, mfumo unapanga upya faharasa ya mafaili, unapakua masasisho na kukagua diski. Mashine iliyozoea kuandika barua tu sasa inabebeshwa mzigo. Pawa saplai iliyochoka au ramu yenye doa, ambayo ilikuwa inavumilia, inasalimu amri wiki hiyohiyo. Mambo mawili kutokea wiki moja hakuthibitishi kwamba moja limezaa jingine.

Dhana: "Kila ikijiwasha upya ni hitilafu."

Hapa ndipo swali la kuzimwa na kuzimika linapoanza kazi. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia Windows Logs, kisha System, utafute saa ile ile ilipotokea. Ukikuta tukio namba 1074, kompyuta ilizimwa kwa amri, na tukio hilo linataja programu iliyotoa amri pamoja na sababu yake. Siku za mwanzo baada ya toleo jipya, mtoa amri mara nyingi ni huduma ya masasisho. Dawa yake ni kupanga saa zako za kazi kwenye mipangilio ya Windows Update, na kuiacha imalize masasisho yote yaliyobaki kwa mara moja.

Usipokuta 1074, bali tukio namba 6008 au lile liitwalo Kernel-Power 41, basi ilizimika. Hapo endelea kusoma.

Dhana: "Kernel-Power 41 maana yake pawa saplai imekufa."

Kama kuna dhana moja ambayo ningependa ife, ni hii. Jina lina neno la umeme ndani yake, alama yake ni nyekundu, na watu wananunua pawa saplai mpya siku hiyohiyo. Tukio 41 haliandikwi wakati kompyuta inazimika. Huandikwa inapowaka tena, Windows ikigundua kwamba safari iliyopita haikuaga. Ni shahidi aliyefika baada ya ajali: anajua ajali imetokea, hajui nani aligonga.

Hata hivyo shahidi huyo ana la kusema ukimhoji vizuri. Fungua sehemu ya Details utafute mstari wa BugcheckCode. Ikiwa si sifuri, mfumo ulianguka na ukaacha namba ya kosa. Namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kawaida ya kumi, wakati orodha za makosa hutumia ya kumi na sita, kwa hiyo igeuze kwanza kwa kikokotoo kabla ya kuitafuta. Ukiona 159, kwa mfano, ni 0x9F, na maana yake draiva fulani imeshindwa kuingia au kutoka kwenye usingizi. Kosa hilo huelekeza kwenye draiva za Wi-Fi, za kadi ya picha au za bodi mama. Halihusu pawa saplai.

BugcheckCode ikiwa sifuri, mfumo haukupata nafasi hata ya kuandika. Angalia PowerButtonTimestamp: kama nayo si sifuri, kuna mtu aliyeshikilia kitufe cha kuzima, labda kwa sababu kompyuta iliganda, na kuganda kuna sababu zake nyingine. Zote mbili zikiwa sifuri, sasa una haki ya kushuku umeme: waya, soketi, chaja, pawa saplai yenyewe. Na jirani ya tukio hilo ukikuta maandishi ya WHEA-Logger, sikiliza kwa makini. Huyo ni mfumo unaosema kwamba vifaa vyenyewe, mara nyingi prosesa au ramu, vimeripoti kosa.

Dhana: "Sikuona skrini ya bluu, basi haikuanguka."

Huenda ilianguka na hukuwahi kuiona. Windows kwa kawaida imepangwa kujiwasha yenyewe mara tu inapoanguka, hivyo skrini ile hupita kama umeme wa radi. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, uondoe alama ya Automatically restart. Safari ijayo itasimama na kukuonyesha kosa, na pengine jina la faili ya draiva. Kwenye masasisho ya Windows 11 yaliyotoka tangu katikati ya 2025 skrini hiyo ni nyeusi, kwa hiyo usingoje bluu.

Angalia pia folda ya C:\Windows\Minidump. Kila faili humo ni taarifa ya anguko moja. Kama folda ni tupu na una hakika ilianguka, kagua kama kuna aliyezima faili ya kurasa (page file, sehemu ya diski inayosaidia ramu) ili kuokoa nafasi ya diski; bila faili hiyo, taarifa hukosa pa kuandikwa.

Dhana: "Ni joto."

Prosesa za leo zikipata joto hupunguza kasi kwanza. Zikifika kikomo hujikata, na kompyuta iliyokatwa na joto mara nyingi hubaki imezima badala ya kujiwasha. Safisha feni, ni jambo jema, lakini usiishie hapo.

Dhana: "Ni virusi."

Dhana hii ina historia ya kweli. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster ulienea kwenye Windows XP na 2000. Huduma moja ya mfumo ilianguka, kidirisha kikatokea kikihesabu sekunde 60, kisha kompyuta ikajiwasha upya. Sasser ya 2004 ilifanya vivyo hivyo. Kumbukumbu hiyo imebaki. Wadukuzi wa leo wanataka kompyuta yako iendelee kuwaka kimya ili waendelee kunufaika nayo. Ikague, lakini nina wasiwasi zaidi na antivairasi mbili zilizowekwa pamoja, au moja ya zamani iliyobebwa kutoka toleo lililopita.

Dhana: "Sasisha BIOS, itapona." Na ndugu yake: "Usiguse BIOS kamwe."

BIOS ni programu ndogo ya bodi mama inayoiwasha kompyuta kabla ya mfumo endeshi. Dhana zote mbili zimewahi kuumiza watu. Januari 2018 Intel iliwaambia watengenezaji wasitishe masasisho ya ulinzi, yaliyokuwa yakija kupitia BIOS, kwa prosesa za Broadwell na Haswell, kwa sababu masasisho hayo yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanaongeza kujiwasha upya. Mwaka 2024 hali iligeuka. Baadhi ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani zilikuwa zinaharibika taratibu kwa volti kubwa kupita kiasi, na marekebisho yalikuja kupitia BIOS. Aliyekataa kuisasisha aliiacha prosesa iendelee kuumia, na iliyokwisha kuumia haikurudishwa na sasisho lolote.

Kwa hiyo soma maelezo ya mtengenezaji wa bodi mama yako kwanza, na usisasishe BIOS wakati kompyuta bado inazimika ovyo. Ikizimika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza isiwake tena. Kuna hatua ndogo ya kufanya kabla: rudisha mipangilio ya BIOS kwenye ile ya kiwandani, hasa kama ramu ilikuwa imepandishwa kasi kwa XMP, mpangilio wa BIOS wa kazi hiyo. Kujizima kukikoma, umepata njia.

Dhana: "Piga Windows upya, kila kitu kitakaa sawa."

Kupiga upya ni hatua ya mwisho, na kabla yake lazima nakala ya mafaili yako iwe mahali pengine. Kuna njia za upole zaidi. Ndani ya siku 10 za kawaida tangu kupandisha toleo unaweza kurudi la zamani kupitia Recovery, mafaili yako yakibaki, ingawa programu ulizoweka baadaye zitaondoka. Usifute folda ya Windows.old kabla hujaamua. Hiyo ndiyo tiketi ya kurudi. Draiva inayoshukiwa inaweza kurudishwa nyuma kwenye Device Manager. Kwa mafaili ya mfumo yaliyoharibika, fungua Command Prompt kama msimamizi, anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow.

Kwenye Linux, chagua kiini cha awali kwenye GRUB, menyu inayotokea kompyuta inapowaka, na usome kumbukumbu za safari iliyopita kwa amri ya journalctl -b -1. Kwenye Mac, fungua ripoti inayokuja baada ya kuwaka na utafute humo jina lisiloanza na com.apple.

Na ukibaki njia panda, ukishindwa kujua kama ni mfumo au ni vifaa, kuna jaribio ninaloliamini kuliko ushauri wa mtu yeyote. Washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kusakinisha chochote, uitumie saa nyingi kama unavyotumia kila siku. Ikizimika humo pia, achana na Windows: jaribu ramu kwa MemTest86 usiku kucha, halafu pawa saplai nyingine. Kama ni laptopu, tumia betri bila chaja, kisha chaja nyingine. Isipozimika hata mara moja, rudi kwenye madraiva, ukianza na lile lililobadilika siku uliyopandisha toleo.