Je, Wajua Kwa Nini Waimbaji wa Kilatini Hupiga Ukelele wa "Sukari!"?

Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya senti 25 yenye picha ya mwanamke mwenye tabasamu pana, amevaa gauni la rumba, na pembeni yake limeandikwa neno moja la Kihispania: ¡AZÚCAR!, yaani sukari. Mwanamke huyo ni Celia Cruz, mwimbaji aliyezaliwa Havana, Kuba, mwaka 1925 na kufariki Marekani mwaka 2003, na neno hilo ndilo alilokuwa akilipigia ukelele jukwaani, wakati mwingine kabla ya wimbo kuanza, wakati mwingine katikati, pale bendi inapochemka na kiitikio kinapojirudia. Mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza kwa nini iwe sukari, wala si upendo, wala furaha, wala jina la nchi aliyoililia nusu ya maisha yake.

Jibu linalotolewa upesi ni kisa cha kahawa, ambacho Celia mwenyewe alikisimulia mara nyingi. Kahawa ya Kikuba hupikwa nzito na chungu, na sukari huvurugwa pamoja na matone yake ya kwanza mpaka ifanye povu, kwa hiyo utamu wake si jambo la kuuliziana. Siku moja katika mkahawa wa Miami mhudumu, tena Mkuba mwenzake, alimuuliza kama angependa kahawa yake iwe na sukari au isiwe nayo. Celia alistaajabu kuona Mkuba akiuliza swali kama hilo, akamjibu kwa sauti kwamba aitaka na sukari. Alipokisimulia kisa hicho jukwaani watu walicheka, akakirudia katika maonyesho yaliyofuata, hata wasikilizaji wakawa wanakidai. Mwishowe aliacha masimulizi, akabakiza neno lenyewe.

Sina sababu ya kukikanusha kisa hicho, ila naona kinaeleza namna ukelele ulivyoanza tu, hakielezi kwa nini ulishika. Mzaha wa mezani haupokelewi na maelfu ya watu kwa miongo mitatu isipokuwa neno lake lilikuwa limeshakaa midomoni mwao. Na lilikuwa limekaa hasa. Celia mwenyewe, alipokuwa bado na bendi ya Sonora Matancera aliyojiunga nayo mwaka 1950, alikuwa ameimba "Melao de caña", wimbo unaosifu asali nzito ya miwa, na "Caramelos", wimbo wa peremende uliotungwa kwa mtindo wa wachuuzi wa mitaani wanaonadi bidhaa zao kwa kuimba. Mwaka 1965 mpiga piano Eddie Palmieri, mwana wa wazazi wa Puerto Rico aliyezaliwa New York, alitoa albamu iliyoitwa "Azúcar pa' ti", sukari kwa ajili yako, ambayo wimbo wake mkuu ulikuwa mrefu kupita kiasi kwa desturi za redio za wakati ule, lakini wacheza dansi hawakuuchoka. Katika Jamhuri ya Dominika neno merengue hutaja mdundo maarufu kuliko yote nchini humo, na neno hilohilo ni jina la kitamutamu kinachotengenezwa kwa ute wa yai uliopigwa pamoja na sukari.

Ili kuelewa mazoea hayo hatuna budi kuingia katika shamba la miwa, maana muziki huu kwa sehemu kubwa ulitokea huko. Columbus aliupeleka muwa katika visiwa vya Karibi katika safari yake ya pili, mwaka 1493, lakini kwa karne tatu Kuba haikuwa mzalishaji mkubwa. Aliyeongoza alikuwa jirani yake, koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti. Mwaka 1791 watumwa wa huko waliasi, mashamba yakateketea, na kufikia mwaka 1804 nchi ilikuwa huru. Pengo lililobaki katika soko la sukari likajazwa na matajiri wa Kuba, na walilijaza kwa watu: zaidi ya Waafrika 750,000 walishushwa kisiwani humo katika historia yote ya biashara ya utumwa, wengi wao katika karne ya 19, wakati mataifa mengine yalikuwa yakiipiga marufuku biashara hiyo. Hesabu ya watu ya mwaka 1841 ilionyesha kwamba watumwa walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wakazi wote wa Kuba. Utumwa haukukomeshwa huko mpaka mwaka 1886.

Kitovu cha uchumi huo kilikuwa mkoa wa Matanzas, mashariki ya Havana, wenye bandari ambayo sukari ilipakiwa kwenda Ulaya na Marekani. Sasa tuangalie ramani ya muziki. Rumba ya Kuba ilizaliwa Matanzas na Havana, katika bandari na katika nyua za maskini, na aina yake iitwayo columbia ilitokea mashambani mwa mkoa huohuo. Arsenio Rodríguez, kipofu aliyepiga tres, gitaa dogo la Kikuba, na aliyeupa mtindo wa muziki uitwao son umbo lililozaa salsa, alizaliwa mkoani Matanzas mwaka 1911. Pérez Prado, kiongozi wa bendi aliyeusambaza duniani muziki wa dansi uitwao mambo, alizaliwa katika mji wa Matanzas. Hata jina la Sonora Matancera, bendi iliyoanzishwa mwaka 1924, maana yake ni kwamba ni ya Matanzas. Huo si mkusanyiko wa sadfa. Palipokuwa na viwanda vya sukari ndipo palipokuwa na Waafrika wengi waliokaa pamoja, wanaozungumza lugha zao na kukumbuka ngoma zao, na ndipo muziki ulipokolea.

Vyombo vyenyewe vilitoka kazini. Bapa la jembe, liitwalo guataca, lilipigwa kwa kipande cha chuma kushika mwendo wa ngoma za watu wenye asili ya Kongo, zile zinazoitwa yuka, na bado linapigwa hivyo. Makasha ya mbao yaliyoleta samaki wakavu bandarini yaligeuzwa kuwa ngoma za rumba. Huko Puerto Rico, katika pwani za miwa za Loíza, Ponce na Mayagüez, ngoma za bomba ziliundwa kwa mapipa, mengi yakiwa ya ramu, kinywaji ambacho nacho hutokana na molasi inayobaki sukari ikishagandishwa. Mtu aliyelima kwa jembe mchana kutwa, akalipiga jembe hilohilo Jumapili ili watu wacheze, hakuhitaji kuambiwa kwamba sukari na muziki ni ndugu.

Lakini kuna upande mwingine wa utamu huu, na huo ndio unaonifanya nisikie katika ukelele wa Celia kitu zaidi ya uchangamfu. Katika viwanda vya zamani maji ya miwa yaliyochemshwa yalimiminwa katika vyungu vyenye umbo la pia, vikafunikwa kwa udongo mbichi, maji yake yakapenya polepole na kuisukuma molasi itoke kwenye tundu la chini. Baada ya wiki kadhaa, sukari iliyokuwa juu ilikuwa nyeupe, ya katikati ilikuwa ya hudhurungi na iliitwa quebrado, na ya chini kabisa ilibaki nyeusi kama sukari guru. Bei ilifuata rangi. Katika karne hiyohiyo ya 19 viwanda vya sigara vya Havana vilifungasha bidhaa zao kwa karatasi zenye michoro ya rangi, na mfululizo mmoja wa michoro hiyo uliitwa "Sampuli za sukari kutoka kiwandani kwangu". Kilichochorwa humo hakikuwa sukari. Walikuwa wanawake, wengi wao machotara, na chini ya kila mmoja liliandikwa daraja la sukari: nyeupe ya daraja la pili, quebrado ya daraja la kwanza, na kadhalika. Mwenye shamba aliyemiliki sukari na watu alikuwa akiwapanga wote kwa kipimo kimoja.

Kutokana na mzaha huo mchungu, lugha ya mapenzi ya Kikaribi ilirithi mazoea ya kumwita mwanamke, hasa mwanamke chotara, sukari, mdalasini, karameli au asali ya muwa, na nyimbo nyingi za son na za guaracha, mtindo wa Kikuba wa nyimbo za mzaha, zimejaa sifa za namna hiyo, zikiimbwa na wanaume kwa maneno yenye maana mbili. Mwanazuoni wa Kikuba Fernando Ortiz, katika kitabu chake cha mwaka 1940 kinacholinganisha tumbaku na sukari, aliigeuza picha hiyo kuwa kejeli: sukari huzaliwa nyeusi, husafishwa na kutakaswa, mpaka ipite kuwa mzungu. Celia Cruz alikuwa mwanamke mweusi, katika kazi iliyotawaliwa na wanaume, na jukwaani yeye ndiye aliyekuwa akiitamka sukari hiyo, kwa sauti nzito, kama amri kwa bendi. Mwaka 1993 alitoa albamu iliyoitwa "Azúcar negra", sukari nyeusi, na katika wimbo wenye jina hilo alijitangaza kuwa mtamu kama asali ya muwa na mchangamfu kama ngoma. Hapakuwa tena na mwenye kiwanda wa kumpangia daraja.

Uchungu wenyewe pia uliimbwa. Mwaka 1937 wimbo wa Arsenio Rodríguez uitwao "Bruca maniguá" ulirekodiwa na bendi ya Casino de la Playa, ukimsawiri Mwafrika mtumwa anayetaka uhuru wake kwa Kihispania kilichovunjika cha watumwa waliozaliwa ng'ambo. Anayemlalamikia kwa kumtesa moyo anamwita mundele, na hapo msikilizaji wa Kinshasa hahitaji mkalimani, kwa sababu mundele ni mzungu hadi leo. Arsenio alijivunia asili ya Kongo ya familia yake. Nalo neno mambo, ambalo ndugu wawili wa ukoo wa López walilitumia mwaka 1938 kuita kipande chao cha muziki, lina maana katika Kikongo inayokaribiana mno na ile tunayoijua sisi.

Njia ya kurudi Afrika nayo ilifunguka. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilileta katika bara hili mfululizo wa santuri zilizotiwa alama ya GV, nyingi zikiwa na nyimbo za Kuba, na katika miji miwili inayotazamana ya Mto Kongo, Kinshasa na Brazzaville, watu walizipokea kama wanaopokea barua kutoka nyumbani. Rumba ya Kikongo ilianza kwa kuziiga, waimbaji wakitamka Kihispania wasichokifahamu. Septemba 1974 Celia Cruz mwenyewe alisimama katika uwanja wa mpira wa Kinshasa, akiwa na Fania All-Stars, kundi la salsa la New York, katika tamasha lililoandaliwa kulitangulia pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. Mpenzi wa sebene, ile sehemu ya rumba ya Kikongo ambapo magitaa huchangamka, ataielewa kwa urahisi kazi ya ukelele katika salsa: wimbo ukifika sehemu iitwayo montuno, kiitikio hujirudia bila kubadilika, na mwimbaji hutupia maneno ya papo kwa papo ya kuwasha moto, kama anavyofanya atalaku, mpiga kelele za kuchangamsha katika bendi za Kikongo. Wengine huita maji, wengine huita moto au ladha. Celia aliita sukari.

Katika karne ya 20 bei ya sukari ndiyo iliyoamua nani acheze. Mwaka 1920 ilipanda mpaka senti 22.5 za Marekani kwa ratili mwezi Mei, kisha ikaporomoka chini ya senti nne kabla ya mwaka kwisha, na Wakuba wenyewe waliuita mwaka huo wa utajiri wa ghafla "ngoma ya mamilioni". Viwanda vilivyohitaji mikono viliwaleta wakata miwa kutoka Haiti na Jamaika, ambao walikuja na midundo yao. Miezi ya mavuno iliitwa zafra, na miezi iliyobaki, isiyokuwa na kazi wala mshahara, iliitwa wakati mfu. Msemo ulioenea nchini ulisema kwamba bila sukari hakuna nchi. Serikali ya Fidel Castro nayo iliushika muwa uleule: ilitangaza kwamba mwaka 1970 Kuba ingevuna tani milioni 10 za sukari, wafanyakazi wa kila aina wakapelekwa mashambani na mapanga, ikapatikana milioni 8.5. Kaulimbiu ya kampeni hiyo, kwamba milioni 10 zinakuja, ndiyo inayohusishwa na jina la Los Van Van, bendi iliyoanzishwa na Juan Formell mwezi Desemba 1969, ambayo iliishi kuliko kampeni yenyewe. Mwaka 2002 karibu nusu ya viwanda 156 vya kisiwa hicho vilifungwa.

Celia hakuyaona hayo akiwa nyumbani. Aliondoka Kuba na Sonora Matancera mwezi Julai 1960 kwenda kufanya kazi Meksiko, wakabaki nje, na mama yake alipofariki mwaka 1962 serikali ilimnyima ruhusa ya kurudi kumzika. Kwa Wakuba wa Miami na New York, waliokuwa wameondoka kama yeye, neno sukari halikuhitaji maelezo, kwani lilikuwa na harufu ya kahawa ya asubuhi, ya moshi wa kiwanda, na ya shamba lililokatwa punde. Mara moja tu, mwaka 1990, aliikanyaga tena ardhi ya kisiwa hicho, alipokwenda kuimba katika kambi ya jeshi la Marekani huko Guantánamo. Aliinama akachota udongo kidogo, akauhifadhi, na mwaka 2003 alizikwa nao katika makaburi ya Woodlawn, New York.