Maegesho ya bure analipa nani? Dhana potofu kuhusu safari za kwenda kazini

Dhana: Mfanyakazi anavyofika kazini ni shauri lake.

Ingekuwa shauri lake kweli, ofisi isingejenga maegesho. Gari dogo moja, ukijumlisha na njia ya kulipitisha, hula takriban mita za mraba 25 hadi 30. Katikati ya Dar es Salaam, eneo hilo lingetosha meza za watu wanne na nafasi ikabaki. Linalipiwa kodi, linafagiliwa, lina mlinzi. Kisha anapewa mwenye gari bure, na mwenzake aliyeshuka daladala Posta akiwa ameloa jasho hapewi hata nusu ya nauli. Hiyo tayari ni sera ya usafiri, ila haijaandikwa popote, na inampendelea anayelipwa zaidi.

California waliliona hili mapema. Sheria yao ya mwaka 1992 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi, anayewakodia maegesho, ampe asiyeegesha fedha taslimu za thamani hiyohiyo. Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa chuo cha UCLA, alichunguza kampuni 8 zilizotekeleza sheria hiyo. Waliokuja na gari peke yao walipungua kwa asilimia 17, waliopanda gari moja kwa pamoja wakaongezeka kwa asilimia 64, na wa usafiri wa umma kwa asilimia 50. Hakuna aliyenyang'anywa nafasi. Watu waliulizwa tu: unataka maegesho au hela?

Kwetu swali hilo huwa gumu kwa sababu ya kile kibao cha "Mkurugenzi" kilichopigwa ukutani. Nafasi hiyo ndiyo huguswa mwisho. Kwa maoni yangu ndiyo ingeanza, maana wafanyakazi hutazama bosi anakujaje kabla hawajasoma waraka wake.

Dhana: Mambo haya ni ya Ulaya, kwenye treni.

Ni kweli Italia iliwataka waajiri wakubwa wawe na msimamizi wa safari za wafanyakazi tangu mwaka 1998, na mwaka 2020 ikashusha kiwango hadi ofisi zenye watu zaidi ya 100 katika miji mikubwa. Lakini tofauti yetu na Milano iko kwenye mahali tunapoanzia. Huko wanahangaika kumtoa mtu kwenye gari lake. Hapa mhudumu, mlinzi na karani tayari wanakuja kwa daladala, kwa mwendokasi au kwa miguu. Kazi ni kuwapunguzia mateso ili mshahara ukipanda kidogo, mkopo wa gari usiwe ndiyo pumzi yao ya kwanza. Ofisi nyingi zinatoa mkopo huo kwa furaha. Muulize ofisa utumishi kuhusu kuchangia nauli ya mwezi, uone uso wake.

Pa kuanzia hapahitaji mtaalamu wa kukodiwa. Chukua orodha ya wafanyakazi, andika kila mmoja anakaa wapi na anaingia saa ngapi, kisha weka alama kwenye ramani. Huenda ukakuta kundi zima liko kwenye njia ya Kimara hadi Kivukoni, ambako mwendokasi inapita tangu 2016, na wote wanatakiwa mezani saa mbili asubuhi, muda ambao vituoni watu wanapanda kwa kusukumana. Ukiruhusu wengine waingie saa moja na wengine saa tatu, hujatumia hata shilingi.

Dhana: Tuna basi la wafanyakazi, tumemaliza.

Basi ni msaada mkubwa, hasa kiwanda kikiwa mbali na barabara kuu. Shida ni kwamba linaondoka saa kumi na moja kamili. Aliyebakizwa na bosi hadi saa mbili usiku anarudi kwa bodaboda kwa hela yake, na wiki inayofuata anaanza kutafuta gari. Ndiyo maana mipango mingi ya Marekani huambatanisha ahadi ndogo: ukichelewa kwa sababu ya kazi au ukipata dharura, ofisi inakulipia teksi. Ahadi hii haitumiki mara nyingi, lakini bila hiyo watu hawathubutu kuacha gari nyumbani. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya masharti ya ajira ya mwaka 1997 hairuhusu kumpangia mtu kazi ya usiku kama hakuna usafiri kati ya kwake na kazini, mwanzo na mwisho wa zamu.

Dhana: Kwa joto la pwani, baiskeli haiwezekani.

Tanga wana joto hilohilo na wanapiga baiskeli miaka nenda rudi. Kinachomshinda mtu wa ofisini huanzia getini. Anafika, mlinzi anamwandikisha kwenye daftari la wageni, anaambiwa afunge baiskeli kwenye uzio wa jenereta, kisha anabadili shati chooni huku mtu anagonga mlango. Bafu moja, makabati machache yenye kufuli na kibanda chenye paa vinagharimu kidogo kuliko kukodi maegesho ya magari ya nyongeza. Na mlinzi aambiwe kuwa mwenye baiskeli ni mhasibu, hajaleta magazeti.